Furu ya Mkate, Furu ya Tofali

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa tajiri wangu wa kwanza, na kwa desturi ya kwao sikuruhusiwa kuzungumza naye. Mtu yeyote wa ujenzi atajua ugumu wa jambo hilo. Kusimamia jengo, ukiondoa saruji na mbao, ni kuzungumza na mwenye mali: anataka nini, mbona amegeuza mawazo, na kwa nini ukuta aliousifu jana leo haumpendezi. Mimi mwenye mali wangu nilitakiwa nimkimbie nikimwona barabarani.

Watu wa mke wangu ni wa Kasai. Babu yake aliletwa kufanya kazi ya shaba wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, akaja na heshima zake zote ndani ya sanduku. Kwao, mkwe wa kiume hamtazami usoni mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake, haketi naye benchi moja, na akiwa na neno la kumwambia humtafuta mtu wa tatu. Kwetu sisi wa upande wa Kambove wakwe tunawaheshimu, lakini hatufiki huko. Nilipooa niliona nimepata bahati, kwa kuwa wenzangu walikuwa wakigombana na mama wakwe zao kila Jumapili. Hakuna aliyenionya kwamba siku moja wangu atataka nimtengenezee bulanjeri.

Bulanjeri yenyewe, nyumba ya kuoka mkate, ilikuwa katikati ya mji, jengo la kona lililojengwa na Mgiriki mmoja kabla sijazaliwa. Baba mkwe alioka mkate mle tangu ujana wake hadi mvi zilipomwingia. Kisha zikaja siku zile ambapo maduka ya wageni yaligawiwa wananchi. Mgiriki akatoa funguo, akaondoka. Akaja mkubwa mmoja kutoka mbali, akauza mashine ya kukandia, akauza mizani, akauza hata kioo cha meza ya kuuzia, na alipokosa cha kuuza akafunga mlango. Siku aliyofunga, baba mkwe alikuwa na unga uliokwisha kukandwa, umeumuka vizuri kabisa, unangoja kuingia motoni. Aliambiwa auache hivyo hivyo, atoke.

Alirudi nyumbani mikono ikiwa bado na unga uliokaukia kwenye kucha, akaketi barazani kando ya redio, na hakusimama tena. Sisemi kwamba aliugua. Ukimsalimia anajibu, ukimpa chakula anakula, isipokuwa mkate. Lakini alikuwa mtu aliyezimwa. Mama mkwe, ambaye aliuza vitenge sokoni na aliweza kumshinda kwa maneno mfanyabiashara yeyote wa Likasi, alivumilia miaka. Mwishowe akaenda kwa mwakilishi wa yule mkubwa, akalipanga lile gofu, akarudi nyumbani na kuuambia ukoo wote uliokusanyika:

“Ile furu ikiwaka, bwana yangu atasimama.”

Furu ndiyo *four* ya Kifaransa, tanuri, tuliyoipa sauti yetu. Yote tuliyofanya katika miezi iliyofuata tuliyafanya kwa ajili ya sentensi ile. Mkate ulikuwa biashara nzuri mjini, siwezi kukataa, lakini yule mama asingegusa unga kwa sababu ya biashara tu. Vitenge vilimtosha.

Nami kazi ikanijia kwa sababu nilikuwa wa bure, au karibu na bure. Nilisoma ujenzi kwa mapadri, nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni kubwa ya serikali nikitengeneza nyumba za wafanyakazi, kisha nikaacha ili nijitafutie mwenyewe. Kasoro yangu ni kwamba sivumilii kitu kilichopinda. Nikiingia kanisani natazama dari kabla ya kutazama msalaba. Mke wangu husema nilimuoa kwa kuwa alikuwa amesimama wima siku ile nilipomwona, na mimi sijawahi kumkanusha.

Siku ya kwanza nilikwenda kulikagua jengo na kapita wangu, msimamizi wa mafundi, mtu mnene, mpole, mwenye vidole vifupi vilivyojua tofali kuliko vidole vyangu. Kwao walikuwa wachoma matofali kizazi baada ya kizazi, huko Kambove, nami nilimpenda kama ndugu. Paa lilikuwa chekecheke. Ndani kulikuwa na popo, na mti mdogo ulikuwa umeota kwenye mfereji wa mabati bila aibu yoyote. Lakini kuta zilisimama. Nilishusha timazi kwenye kila pembe, na kila mara uzi ulilala juu ya ukuta kuanzia juu hadi chini. Nilimsamehe yule Mgiriki makosa yake yote, hata nisiyoyajua.

Furu ilikuwa nyuma, kubwa kama chumba cha kulala, ya matofali, imefunikwa kwa kuba. Mvua zilikuwa zimeingia kwa njia ya bomba la moshi na sehemu ya kuba ilikuwa imelegea. Kapita aliigonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akasema sehemu ile tuibomoe tuijenge upya, nyingine tuiache.

Sasa niseme jinsi tulivyofanya kazi, maana watu wakisikia hucheka na kudhani nawatania. Kila asubuhi mama mkwe alifungua kibanda chake sokoni, akamwachia jirani, akaja kwenye jengo. Alisimama nyuma ya uzio wa mabati mabovu. Mimi nikaendelea na kazi yangu upande wa pili nikiwa nimempa mgongo. Mke wangu ndiye aliyepaswa kuwa mtu wa tatu, lakini asubuhi alikuwa akifundisha shule. Kwa hiyo mama mkwe aliamua kuzungumza na toroli.

“Weye toroli,” alisema siku ya kwanza, kwa sauti ya sokoni, “ambia bwana yako, mulango ya nyuma iko mufinyu. Mifuko ya bunga haitapita.”

Nikaitazama toroli. Ilikuwa imejaa mchanga. Nikaiambia imwambie mama kwamba mlango utapanuliwa, ila kwanza tuweke boriti juu yake, la sivyo ukuta utatuangukia. Toroli ikaambiwa tena kwamba mama amesikia, lakini boriti isiwe ya mbao za zamani. Mafundi walikwenda nyuma ya jengo mmoja mmoja wakacheka huko. Kapita peke yake ndiye aliyebaki na uso mkavu, kwa kuwa na yeye alikuwa na mama mkwe.

Tulizoea. Tuligombana kupitia toroli ile kuhusu rangi ya chokaa, kuhusu dirisha la kuuzia, kuhusu sakafu ambayo mimi niliitaka ielekee kidogo kwenye mfereji ili maji ya kuoshea yatoke, naye alidai imepinda. Hapo nilichemka. Kuambiwa mimi nimejenga sakafu iliyopinda! Niliieleza toroli kwa maneno mengi tofauti ya kupinda na kuelekea. Mama akajibu nyuma ya mabati, “Toroli, mukwe yangu iko na kichwa nguvu sawa vile bwana yangu alikuwaka zamani.” Nilifurahi siku nzima. Nimefanya kazi baadaye na matajiri walionitazama usoni na kunipa mkono, hatukuelewana hata nusu ya hapo.

Kazi yenyewe ilikwenda kama zilivyokwenda kazi zote miaka ile. Mabati yakipatikana, misumari imekwisha. Misumari ikifika, saruji haipo mjini kote, na ukiipata inabidi uilinde kama mtoto. Jumamosi asubuhi haikuwa yetu; mafundi walikwenda salongo, kufyeka majani na kuzibua mitaro ya serikali, na mimi nilikwenda pia, maana kutoonekana salongo kulikuwa na maswali yake. Tulipandisha paa kabla ya mvua. Seremala alichonga hori refu la kukandia unga, la mbao nzito, kwa kuwa mashine hatukuwa na njia ya kuipata. Mstaafu mmoja wa kiwanda cha shaba alituchomelea mlango wa chuma wa furu, mzuri hata nikauonea wivu.

Kila jioni mama mkwe alirudi nyumbani akamsimulia mume wake: leo paa limefungwa, leo chokaa imepakwa, leo mlango umefika. Mke wangu alikuwepo mara nyingi, naye ndiye aliyenieleza. Baba mkwe alisikiliza, akapunguza redio kwa adabu, akasema, “Njo vile,” yaani ndivyo. Mama akimwomba aje kuona, alijibu kwamba yeye kule hana kazi. Mama aliingia jikoni akagonganisha masufuria kwa kelele. Kisha asubuhi yake alikuja kwenye uzio akiwa na maagizo mapya, kana kwamba yule mzee alikuwa ameuliza maswali usiku kucha.

Kuba la furu lilipokwisha, nilipanda gari kwenda Lubumbashi kutafuta mizani na chekeche za unga. Gari liliharibika njiani wakati wa kurudi, nikalala huko mwisho wa juma. Na Jumamosi ile asubuhi, kabla ya saa ya salongo, mama mkwe alikuja kwenye uzio. Hakujua kwamba sipo. Hakuchungulia, maana kuchungulia ndiko kulikokatazwa. Alisikia tu gurudumu la toroli likipiga kelele, akazungumza nalo kama siku zote. Baadaye alimsimulia mke wangu maneno aliyosema, neno kwa neno, nayo yalikuwa ya busara tupu, kwa kuwa alikuwa ameolewa na mwokaji miaka mingi:

“Toroli, sikia muzuri. Leo furu bawake. Moto ya kidogo, kakuni kamoja kamoja, siku mingi, mulango wazi, juu mayi yote itoke mu matofari. Basifanye haraka.”

Fundi aliyeshika toroli alikuwa anaiwahi salongo. Alisikia “furu bawake”, akaitika, akasukuma toroli hadi kwenye kivuli, akampasha kapita habari hiyo na kuondoka mbio. Maneno mengine yote yalibaki yanaambiwa mabati.

Lazima nieleze hapa jambo moja, la sivyo kapita wangu ataonekana mjinga, na hakuwa mjinga. Likasi kila mtu amekua kando ya furu fulani. Kiwandani furu ni ile inayoyeyusha madini, na wazee wa kule watakuambia furu haizimwi kamwe. Kwa baba mkwe furu ni ya mkate. Na kwa watu wa kapita furu ni lundo la matofali mabichi: unalijaza kuni hadi kooni, unaliwasha, moto ukishika unaziba midomo yote kwa udongo, unapaka na kupaka tena usiache hata tundu la sindano, na unauacha moto ujile wenyewe humo ndani. Neno ni moja. Kapita alipoambiwa awashe furu, alifurahi, kwa kuwa katika kazi yote ile hilo ndilo jambo alilolijua tangu tumboni mwa mama yake.

Niliporudi niliwakuta kapita na mafundi wameketi kwenye kivuli wanakula mahindi ya kuchoma, wamechafuka udongo hadi kwenye nyusi, na nyuso zao zinangoja sifa. Mlango mzuri wa chuma haukuonekana. Ulikuwa umepakwa udongo wote. Bomba la moshi nalo lilikuwa limezibwa kwa udongo na majani. Joto lilinipiga nikiwa bado mlangoni. Nilisimama na mizani mikononi, nikasikia ndani ya furu kitu kikilia, ta, kisha tena, ta.

Nilipiga kelele. Wanasema nilisikika hadi sokoni, na huenda ni kweli, kwa sababu siku hiyo mama mkwe hakuja. Furu ilipopoa tukabandua udongo tukachungulia. Kuba lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni hadi nyuma, ufa wa kuingiza vidole, na katikati matofali yalikuwa yameanguka chini.

Kapita alivua kofia.

“Patron,” akaniambia, “balisema tuwake furu. Minye ningewaka furu namna gani ingine?”

Niliketi juu ya ndoo na kapita akaketi juu ya nyingine, tukatazama shimo lile kama watu waliofiwa. Jioni nikamwambia mke wangu, naye akaenda kwa mama yake. Mama mkwe aliposikia aliuliza mara moja tu kama kuna aliyeumia, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Asubuhi yake hakusimama nyuma ya uzio, wala siku iliyofuata. Toroli ilikaa kimya. Nilimkumbuka yule mama kuliko nilivyotarajia. Nilijua anafikiria nini huko chumbani: furu haitawaka tena, basi na mume wake hatasimama. Alikuwa amejifungia ndani ya sentensi yake mwenyewe.

Ni mke wangu aliyemweleza baba yake. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amekasirika tu, akataka kukasirika mbele ya mtu. Mzee alisikiliza kwa adabu yake ile. Kisha akaizima redio.

“Balifunga mulango?” akauliza.

Mke wangu akasema ndiyo, waliufunga.

“Na bulongo, balipakala?”

Ndiyo, na bomba pia.

Mzee akainama akatafuta viatu vyake chini ya kiti. Havikuwapo, vilikuwa vimekwisha kugawiwa watu wengine miaka mingi nyuma. Akavaa kandambili za mama na kutoka.

Nilimwona akija katikati ya barabara, bila kofia, shati limefungwa vifungo visivyolingana, na nyuma yake mke wangu akikimbia. Alipita mbele yangu bila salamu. Aliingia ndani, akaingiza kichwa ndani ya furu na mabega pia, akakaa humo kwa muda hata nikaogopa. Alipotoka alikuwa na masizi usoni na alikuwa na hasira, hasira safi ya mtu mzima, na sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha vile.

“Nani iliwakaka hii?”

Kapita akasonga mbele na kofia yake mkononi.

“Mukate iko tofari?” mzee akamuuliza. “Weye unakulaka tofari?”

“Hapana, papa. Lakini furu njo furu.”

“Furu njo furu,” mzee akarudia. Akatutazama sote, akamtafuta atakayemuunga mkono, akamkosa. Akaketi kwenye ndoo yangu. “Ikala hapa,” akamwambia kapita, “nikwambie.”

Walikaa hapo hadi jioni. Sitaki kudanganya kwamba kapita alifundishwa akanyamaza. Walibishana. Kapita alidai moto wa polepole ni wa watu waoga, mzee akadai matofali ya Kambove yanajulikana kwa kuvunjika, na hapo kapita akasimama wima kwa ajili ya baba yake na babu yake. Kesho yake asubuhi mzee alirudi kwa sababu usiku alikuwa amepata jibu. Siku iliyofuata alirudi kwa sababu kapita alikuwa amepata lake. Kapita akalibomoa kuba, akalijenga upya kwa udongo wa kichuguu alioukanda kwa miguu, na mzee akaketi karibu naye akikosoa. Kuba likakaa vizuri kuliko la kwanza. Kisha mzee mwenyewe akawasha moto wa vijiti na magunzi, mdogo hata ungeweza kuuzima kwa kikombe cha chai, akaulea siku baada ya siku, mlango wazi, mpaka mvuke ukaacha kutoka kwenye matofali.

Mama mkwe alirudi kwenye uzio. Hakuiambia toroli neno. Alisimama tu, nikasikia anavyopumua.

Lakini kila tulipomtajia mzee habari ya kuoka, aliweka mikono mifukoni. Alisema yeye alikuja kwa ajili ya furu, si kwa ajili ya mkate. Mkate una watu wake, tutafute kijana. Mama mkwe alingoja, akampa nafasi, akamnunulia hata viatu. Mwishowe tulimwajiri mwokaji kutoka Lubumbashi, mtu mwenye masharubu na maneno mengi, na siku ya kufungua ikafika.

Watu walikuja kwa wingi, padri akanyunyiza maji, na kuta zangu zilisimama zote wima zikiwa nyeupe kwa chokaa. Mkate ulipotoka ulinunuliwa wote. Mzee alikuwa amesimama kando. Alichukua mkate mmoja, akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole kilichokunjwa, akauweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Mama mkwe alikuwa anamtazama. Mimi pia. Mzee akaurudisha mkate mezani, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda zake nyumbani. Jioni mke wangu alimkuta kwenye kiti barazani, redio inaongea.

Tulikuwa tumemaliza. Paa halivuji, sakafu inaelekea inakotakiwa, furu inaoka, watu wanauliza kesho tutafungua saa ngapi. Sijawahi kukabidhi kazi nzuri vile, na sijawahi kujisikia vibaya vile siku ya kukabidhi. Mama mkwe alifunga dirisha la kuuzia yeye mwenyewe, akaenda nyumbani akiwa amejitanda kitenge kichwani kama mtu anayetoka mazishini.

Kulipopambazuka tu nilisikia mtu anagonga lango langu. Nilitoka nimevaa fulana na kitambaa kiunoni. Alikuwa yeye. Hakuwa amejifunika, hakugeuka pembeni, hakumtafuta mtu wa tatu. Alinitazama usoni, nami kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mke wangu amechukua macho yake.

“Mukwe,” akasema, “baba yenu haiko mu nyumba. Kitanda iko baridi. Minye niko naogopa.”

Nilivaa shati nikitembea. Tulishuka pamoja barabarani, yeye na mimi, bega kwa bega, katikati ya wanaume waliokuwa wakienda kiwandani kwa baiskeli. Nilikuwa naogopa nilichokuwa nikikifikiria, na nilijua naye anafikiria hicho hicho. Nilishika mkono wake kwenye kivuko cha reli kwa sababu alijikwaa, na sikuuachia.

Moshi tuliuona kabla ya jengo. Ulikuwa unatoka kwenye bomba, mwembamba, unapanda wima.

Tuliingia kwa mlango wa nyuma. Mwokaji wa masharubu alikuwa amepiga magoti anapasua kuni, bila neno hata moja mdomoni. Mzee alikuwa kwenye hori, amejifunga mfuko wa unga kiunoni, mikono imezama hadi viwiko. Alikuwa anakanda kwa mwili mzima, anauinua ule unga na kuupiga chini, na jasho linamshuka. Kwenye meza kulikuwa na mikate iliyokwisha kutoka.

“Ile mukate ya jana ilikuwa mubichi chini,” alisema bila kugeuka. “Niliisikia busiku muzima. Sikulala.”

Mama mkwe alishika ukingo wa mlango, ule niliopanua kwa amri yake. Akaanza kulia mbele yangu, uso wazi, bila kujificha, naye alikuwa anacheka pia.

“Myaka yote ile nilikuwa nalomba Mungu ulamuke, usimame,” akamwambia. “Leo ulilamuka, na minye njo nililala.”

Sasa mzee akageuka. Alimtazama mke wake, akanitazama mimi, akaona tumeshikana mikono, akaamua asione.

“Kama ulilala,” akasema, “nawa mikono, uje upange mikate. Ingine mu furu iko inaungua.”

Mama akanawa. Mimi nikapita mbele kufungua dirisha la kuuzia, kwa kuwa watu walikuwa wameshapanga mstari hadi barabarani.